Kungojana Njiani

Kuna swali moja dogo ambalo halijaniacha tangu mwezi wa Julai mwaka 2019. Ndilo hili: watu wakishika safari pamoja, mwenye nguvu akasimama kumngoja mnyonge, je, atoa sadaka au alipa deni? Najua wengi watasema, "Hayo ni maneno ya walimu tu, mradi amengoja, yatosha." Nami zamani nilisema vivyo hivyo. Lakini someni kwanza habari yangu, ambayo hainiletei sifa hata kidogo, ndipo mseme.

Tulikuwa watu kumi na mmoja wa parokia moja ya hapa Kalemie, nasi tulitaka kwenda kuhiji Mpala kwa baisikeli. Kila Mkristu wa pwani hii ya ziwa aijua Mpala. Storms, yule Mbelgiji, alijenga kituo pale mwaka 1883, na mwaka 1885 kikatiwa mikononi mwa Mapadre Weupe. Miaka miwili baadaye akafika Kapteni Joubert, askari wa zamani wa Baba Mtakatifu, akakaa na watu wetu kuwalinda wasikamatwe na kuuzwa, akaoa huku, akazeeka huku, akafa huku mwaka 1927. Basi tulisema: wao walikuja toka mbali hivyo, sisi tutashindwa na njia ya jirani?

Ndege arukaye juu ya ziwa kutoka Kalemie mpaka Mpala angepita kilomita 100 hivi. Mwenye baisikeli hana bahati ya ndege. Njia hupanda vilima, hushuka mabondeni, huzama mchangani, na mahali pengine si njia tena ila mfereji uliochimbwa na mvua. Na baisikeli zetu, ama kinga kama tusemavyo nyumbani, hazikuwa zile nyepesi za mashindano. Nyingi zilikuwa za chuma kizito, zile zile ambazo siku nyingine hupakiwa makala na mawese kwenda sokoni.

Usiku wa kuamkia safari, Padri alizibariki baisikeli mbele ya kanisa, akatuomba neno moja tu: mmoja akipata shida, wote washuke. Tukaitikia kwa sauti moja, "Ndiyo, Padri," kama watoto wa katekisimu. Kisha tukagawana vitu. Sufuria kwa huyu, unga wa muhogo kwa yule, chumvi na ndagala kwa mwingine. Viraka na gundi alipewa mzee wetu katekista. Pampu nilipewa mimi, kwa sababu mfuko wangu ulikuwa na kamba nzuri. Pampu ilikuwa moja.

Siku ya kwanza, Alhamisi, ilikuwa siku ya furaha, wala siwezi kuieleza ipasavyo. Asiyepata kuendesha baisikeli pamoja na kundi hajui jambo hili: kwamba mtu akifuata nyuma ya mwenziwe karibu karibu, yule wa mbele humkinga upepo, na wa nyuma huokoa sehemu kubwa ya nguvu zake, wanaojua mashindano husema yapata robo, hata kuzidi. Basi tulibadilishana. Mmoja akatangulia kupigana na upepo wa ziwa, akichoka akajitenga pembeni, akashika mkia, na mwingine akawa mbele. Nikafikiri moyoni: labda ndiyo sababu chombo hiki twakiita kinga. (Sisemi ndiyo asili ya neno. Nilifikiri tu.) Tukasali rozari huku tunaendesha. Penye tambarare tulisali vizuri kabisa. Penye mlima Salamu Maria zetu zilikuwa fupi fupi, na wengine, naogopa, waliitikia "Amina" tu. Jioni tulipokewa katika kijiji cha wavuvi, tukala bukari na mikebuka, na usiku tukatazama taa za mitumbwi mbali ziwani, nyingi kama mji mwingine ulio juu ya maji. Mzee katekista alituhadithia mpaka tukasinzia.

Ijumaa ilikuwa ya jasho. Jua, mchanga, na kile kilima ambacho kila ukidhani umekimaliza kumbe kina mgongo mwingine nyuma yake. Watatu walianza kubaki nyuma: mzee katekista, mama mmoja wa Legio ya Maria, na mvulana wa miaka kumi na mitano ambaye baisikeli yake ilikuwa ya babaye, kubwa kwake. Tulisimama kuwangoja mara ya kwanza tukiwa na kicheko, mara ya pili kwa kunyamaza. Mara ya sita hakuna aliyewatazama usoni walipofika. Nawaambieni kweli, kungoja ni kazi. Miguu hupoa, jua halikupoi, na shetani hupata nafasi ya kukuhesabia dakika.

Jumamosi mchana tulikaa chini ya mti, tukagombana. Si kwa matusi, ila kwa adabu, na ugomvi wa adabu ni mbaya zaidi. Kijana mmoja, fundi hodari na mwenye nguvu kuliko sisi sote, alisema, "Baba Katekista, utuwie radhi. Tukienda hivi hatutafika leo, na kesho ni Jumapili, tutakosa Misa. Afadhali sisi tutangulie, tuwaandalie mahali." Tazameni jinsi mtu awezavyo kutumia maneno ya Injili! Hata Bwana wetu alisema anatangulia kuwaandalia wanafunzi wake mahali. Nasi tukajiona kama tunamfuata yeye. Mzee akasugua goti lake, akasema, "Nendeni, wanangu. Sisi tunakuja." Mama hakusema neno. Tukaenda watu wanane, nami nikiwa mmojawapo.

Sitaki kuficha: saa zile mbili tatu zilizofuata zilikuwa tamu kuliko zote za safari. Tulikwenda kama mshale. Hakuna wa kumngoja, hakuna wa kumhurumia. Tulifika Mpala jua likizama, tukaoga ziwani, tukapewa chakula, tukacheka. Kisha nikafungua mfuko wangu kutafuta shati safi ya Misa, na mkono wangu ukagusa pampu.

Nilikaa nayo mkononi kitambo. Niliwaonyesha wenzangu, wakanyamaza. Mmoja akasema huenda mipira yao haikutoboka. Mwingine akasema usiku hauna mwezi, mtu hawezi kurudi. Yote mawili yalikuwa kweli, au yaliweza kuwa kweli. Tukapatana kwamba baada ya Misa wawili watarudi kuwatafuta. Nililala, lakini si sana.

Kabla ya mapambazuko nikasikia mtu akipapasa mfuko wangu. Ni yule kijana fundi. Hakusema kitu, nami sikumwuliza. Alichukua pampu, akaenda zake. Yeye ndiye aliyeogopa kukosa Misa, na siku ile ni yeye peke yake kati yetu wanane aliyeikosa. Baadaye mmoja wetu alitaka kujua kama alitenda dhambi. Kanisa hufundisha wazi kwamba mwenye kuzuiwa na haja kubwa ya mwenzake hana kosa. Na Yezu mwenyewe aliwauliza Mafarisayo ni nani kati yao ambaye ng'ombe wake akitumbukia kisimani asingemtoa siku ya Sabato. Lakini mimi niliyekaa ndani ya kanisa la Mpala, nikiimba, nilijiuliza swali jingine: je, yangu ilikuwa Misa ya namna gani?

Waliwasili saa tisa alasiri, wote wanne. Mpira wa nyuma wa mzee ulikuwa umetoboka Jumamosi, mwendo wa saa moja tu baada ya sisi kuwaacha. Walitia kiraka vizuri, ila hawakuwa na kitu cha kujazia upepo. Basi wakajaza tairi kwa majani, wakasukuma, wakalala porini kando ya njia na muhogo mbichi kidogo, maana sufuria na unga navyo vilikuwa kwetu. Mzee alinijia polepole, akiburuta mguu, akaniamkia, akauliza, "Mwalimu, pampu ulikuwa nayo wewe?"

"Ndiyo, Baba."

"Asante Mungu. Tulidhani imeanguka. Tulirudi nyuma kuitafuta mpaka giza likaingia."

Fikirini neno hilo. Walirudi nyuma, na goti lile, wakitazama kila kichaka, kwa sababu haikuwaingia akilini kwamba mtu ameondoka nayo.

Sasa nirudie swali langu. Siku ile jioni wenzangu walizungumza sana juu ya huruma. Walisema, "Tulikosa huruma." Nami nilikubali, lakini neno halikutulia moyoni, kana kwamba nimevaa kiatu cha mtu mwingine. Mwenye huruma ni mtu awezaye kutoa au kutotoa, akitoa, asifiwe. Mimi sikuwa na mali ya kumpa mzee. Nilikuwa na mali yake. Pampu ilikuwa ya kumi na mmoja, nikaichukua pamoja na wanane. Na zaidi ya pampu, tulikuwa tumesema "Ndiyo, Padri". Mtu akikukopa faranga na kukataa kulipa, husemi amekosa huruma, wasema amekudhulumu. Jina la kosa letu ni hilo la pili. Tulipenda kuliita la kwanza kwa sababu latuheshimu: asiye na huruma ni tajiri mwenye moyo mgumu, bali mdhulumu ni mwivi.

Lakini tusiende mbali mno upande huo. Je, ni lazima kila mara wenye nguvu waende mwendo wa wanyonge? Someni kitabu cha Mwanzo, sura ya 33. Yakobo amekutana na nduguye Esau baada ya miaka mingi, wamepatana, wamelia. Esau amtaka waende pamoja. Yakobo akataa kwa upole: watoto bado ni wadogo, mifugo yanyonyesha, wakiharakishwa siku moja tu kundi lote litakufa; bwana wangu atangulie, nami nitafuata polepole, kadiri ya mwendo wa mifugo na wa watoto. Esau akaenda njia yake siku ile ile, wala hakutenda kosa. Kila mmoja alikuwa na vitu vyake, na waliachana kwa maneno wazi. Vivyo hivyo Mapadre Weupe wa kwanza, walioondoka Bagamoyo mwaka 1878. Padri Pascal alikufa kwa ugonjwa njiani, na wenzake baadaye wakagawanyika, wengine kwenda Nyanza, wengine kuja Tanganyika, hata wakafika Ujiji Januari mwaka 1879. Kugawanyika kule hakukuwa kuachana, maana ndivyo walivyotumwa tangu mwanzo.

Basi naona hivi: kutangulia si dhambi. Dhambi ni kuahidi pamoja ukaenda peke yako, na kubeba kilicho cha wote kana kwamba ni chako. Tungalisema Alhamisi, "Wenye mbio na wawe kundi lao, wenye polepole kundi lao, na pampu mbili," hakuna ambaye angedhulumiwa. Hatukusema hivyo kwa sababu Alhamisi sote tulipenda utamu wa kundi, ule wa kukingiwa upepo. Hata mzee alinikinga mimi siku ile, tena mlimani. Nililisahau jambo hilo Jumamosi.

Nchi yetu hasa haina ruhusa ya kulisahau. Njia hizi za ziwa ziliwahi kukanyagwa na misafara mingine. Watu waliofungwa shingoni walipelekwa majini, wakavushwa mpaka Ujiji na kuendelea pwani, na aliyeshindwa kutembea aliachwa porini au kuuawa. Livingstone na wasafiri wengine waliandika waliyoyaona kwa macho yao. Sisemi tulifanana nao, hasha. Lakini hesabu yao ilikuwa hesabu ile ile: asiyeweza mwendo wetu atuchelewesha. Nilipokaa kanisani Mpala, mahali palipokuwa kimbilio la waliokimbia misafara ile, hesabu hiyo niliitambua sauti.

Na mzee, je, hakuwa na kosa? Alikuwa nalo, naye alikiri mwenyewe. Goti lilimwuma tangu kabla ya safari, akalificha. Mama yule alimwambia mbele yetu, "Baba, ungalisema, tungalipanga siku nne." Mtume Paulo, katika barua kwa Wagalatia sura ya 6, awaagiza Wakristu wachukuliane mizigo, na mistari michache baadaye asema kila mtu atachukua mzigo wake mwenyewe. Wengine hudhani ajipinga. Wajuao Kiyunani husema alitumia maneno mawili mbalimbali: la kwanza ni uzito ulemeao mtu asiweze, la pili ni furushi ambalo kila msafiri hujitwika. Nafikiri katika furushi la mnyonge mna jambo hili: kusema udhaifu wake mapema. Ni furushi zito, kama nitakavyoeleza.

Kuna picha moja mashuhuri ya mashindano ya kuzunguka Ufaransa ya mwaka 1952. Waitalia wawili, Bartali na Coppi, wapanda mlima, na chupa ya maji iko kati ya mikono yao. Bartali ndiye yule Mkatoliki mwenye ibada aliyebeba karatasi za kuwaokoa Wayahudi, akizificha ndani ya bomba za baisikeli yake, wakati wa vita, mwaka 1943 na 1944. Na mwaka 2013 Wayahudi walimpa heshima kwa ajili hiyo. Coppi tumkumbuke nasi wa nchi za mbu: alipata malaria Haute-Volta, ambayo leo ni Burkina Faso, akafa kwao Italia tarehe 2 Januari 1960, waganga wakiwa hawakuitambua homa yake. Wawili hao walikuwa wapinzani wakubwa. Na watu wamebishana miaka na miaka: katika picha ile, ni nani ampaye mwenziwe maji? Hakuna awezaye kujua kwa kutazama. Mimi huipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Tulipumzika Mpala siku mbili. Kwa kurudi, mama wa Legio alitoa shauri, tukalifuata bila neno: aendaye polepole kuliko wote awe mbele, na pampu ifungwe juu ya baisikeli ya mwisho. Nilidhani wa mbele atakuwa mzee. Alikuwa mzee nusu siku tu. Mchana wa siku ya kwanza nilianza kutetemeka jua likiwaka. Homa ilinishika vizuri, na tangu hapo mbele nilikuwa mimi.

Hapo ndipo nilipojua kwa nini alificha goti lake. Kungoja ni kazi, nilisema. Kungojwa ni kazi zaidi. Kila nikishuka kusukuma nilisikia breki kumi nyuma yangu. Nilitaka kusema, "Nendeni, wenzangu, mimi nakuja," kwa sauti ile ile ya mzee, na sasa nilifahamu kwamba sauti ile haikuwa ruhusa. Ilikuwa haya. Nilimeza dawa, nikakaa kimya, nikaendesha kilomita nyingi hivyo, nikijiona mwombaji.

Jioni nilimwambia mzee, "Baba, nawachelewesha." Akanitazama kwa mshangao kidogo, akajibu, "Si tulisema pamoja?"

Naye aliyasema kama mtu akumbushaye bei ya unga. Basi wale wasemao kwamba sadaka au deni ni maneno tu ya walimu, nawajibu kwamba kwa mwenye kungoja labda ni maneno. Kwa mwenye kungojwa si maneno. Kama wangenipa sadaka, ningekuwa na haki ya kushukuru tu, na ningejificha mpaka nianguke. Kwa kuwa walikuwa wakilipa, niliweza kusema tangu kesho yake, bila kuona haya, "Simameni kidogo."

Nilisema hivyo mara nyingi sana. Tuliingia Kalemie usiku wa siku ya nne. Upande mmoja wa mji ulikuwa na umeme, upande wa pili giza, kama ilivyo desturi yetu. Mzee alikuwa wa mwisho, pampu imefungwa kwa kamba yangu juu ya baisikeli yake, nami kutoka mbele nilimsikia akiwahesabu watu kwa sauti, mmoja mmoja, mpaka kumi na mmoja.